Nani Atashika Sumaku?

Bandugu na badada, ile video munaijua. Kikombe cha maji, kijana mwenye koti jeupe la labo anamwaga ndani unga mweusi, anakoroga, kisha anaweka sumaku pembeni. Unga wote unakimbilia upande wa sumaku, maji yanabaki meupe pe. Chini wameandika: metali nzito zimeondolewa kwa asilimia 99. Mwezi huu peke yake nimeipokea mara tatu mu WhatsApp, na kila anayenitumia anaongeza maneno yale yale: "Yaya, hii ndiyo inafaa Lubumbashi."

Miye nilikuwa kati ya wale wa kwanza kuamini. Niliamini mpaka nikasimama mbele ya juri na kuitetea. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ukosoaji wa mtu aliyekuwa ndani, na sehemu kubwa ya makosa nitakayotaja ni yangu mwenyewe.

Tuanze na kazi yenyewe, maana video ni mtoto tu, mzazi wake yuko mbali. Kazi ilitoka mu gazeti Science mwezi wa 11 mwaka 2006. Waliiandika Cafer Yavuz, Vicki Colvin na wenzao wa Rice University, kule Houston, Marekani. Walitengeneza chembe za magnetiti, ile oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, zenye upana wa nanomita 12 hivi. Nanomita 1 ni milimita 1 iliyokatwa vipande milioni.

Juu ya nini ziwe ndogo hivyo? Piga hesabu nami. Chukua gramu 1 ya magnetiti. Ukiigawa mu chembe za nanomita 300, ngozi za nje za chembe zote zikijumlishwa zinafika karibu mita mraba 4. Ukiigawa mu chembe za nanomita 12, zinafika karibu mita mraba 96. Gramu ni ile ile moja, lakini sasa unaweza kutandika nayo sakafu ya darasa zima. Na arseniki inashikamana na ngozi ya nje. Ngozi ikiwa kubwa, mavuno yanakuwa makubwa.

Sasa kuna tatizo. Chembe ikiwa ndogo namna ile, joto la maji lenyewe linaisukumasukuma huku na kule, na nguvu ya sumaku juu yake inakuwa kidogo sana. Mtu angefikiri kwamba kuitoa mu maji kutahitaji mashine kubwa yenye kula umeme. Watu wa Rice walionyesha kwamba sumaku ikikaribia, chembe zinavutana zenyewe kwa zenyewe, zinatembea kama kundi, na sumaku ya kushika mkononi inatosha. Ukiondoa sumaku, kundi linaachana. Mu 2010 wakatoa andiko lingine, wakionyesha kwamba chembe kama zile zinaweza kutengenezwa kwa kutu ya chuma na mafuta ya kula. Kutu na mafuta, bandugu! Niliposoma hayo nilikuwa nimemaliza lisansi, sina kazi, dosye zangu zimelala mu maofisi matatu. Niliona kama wameniandikia miye.

Hapa sina ukosoaji. Ni kazi nzuri, na swali lake lilikuwa wazi: arseniki mu maji ya kisima. Mfano mkubwa ni Bangladesh. Tangu miaka ya 1970 mamilioni ya watu kule walichimbiwa visima vya bomba ili wakimbie magonjwa ya maji ya mabwawa na mito, na baadaye ikaonekana kwamba arseniki ya ardhi imo ndani ya visima. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 za arseniki kwa lita moja. Maji yale ya kisima yanaonekana masafi, hayana asidi nyingi, metali inayotafutwa ni moja, na kila familia inahitaji ndoo chache za kunywa. Kwa swali lile, jibu la Rice linasimama.

Ukosoaji wangu unaanza pale jibu lile linapovuka bahari, linafika kwetu Katanga, tunabadilisha jina la metali, tunaandika "kobalti" pahali pa "arseniki", na ile asilimia 99 tunaiacha palepale.

Siye ndiyo tulifanya hivyo. Kulikuwa shindano la miradi ya vijana, silitaji jina. Tulikuwa watatu: miye wa agronomia, rafiki wa kemia, na mwingine wa politekniki. Unga mweusi tuliutengeneza wenyewe, juu namna yake ni rahisi: chumvi mbili za chuma, moja ya chuma II na nyingine ya chuma III, kwa uwiano wa 1 kwa 2, unaziyeyusha mu maji, unamwaga soda kaustiki, na weusi unatoka mbele ya macho yako. Soda tulinunua pale pale wanaponunua wamama watengeneza sabuni. Sumaku tulitosha mu bafle la zamani lililokufa.

Siku ya kutetea, tulichukua sulfati ya shaba, ile ya bluu tunayotumia kutengeneza dawa ya ukungu wa nyanya. Tukaiyeyusha mu kikombe, maji yakawa bluu ya mbingu. Tukamwaga unga, tukakoroga, tukaweka sumaku. Bluu ikatoweka. Juri walipiga makofi, mmoja akasimama. Mu slaidi tulikuwa tumeandika "99%". Ile namba hatukuipima. Tuliitoa mu andiko la arseniki. Hatukuwa na mashine ya kupima metali hata moja. Macho yetu ndiyo yalikuwa mashine.

Wiki mbili baadaye yule wa kemia akaniita kwake. Alikuwa na vikombe viwili vya sulfati. Mu cha kwanza aliweka unga wetu, lakini safari hii aliuosha mara tano, mpaka karatasi ya pH ikaonyesha hakuna soda tena. Mu cha pili hakuweka unga kabisa. Alimwaga tu maji ya kwanza aliyooshea unga, yale yenye mabaki ya soda. Tukangoja.

Kikombe cha pili, kile kisicho na unga, kilitoa mawingu ya bluu yakaanguka chini, na maji ya juu yakawa meupe. Kikombe cha kwanza, chenye unga musafi, kilibaki bluu karibu kama mwanzo.

Munaelewa? Soda ndiyo ilifanya kazi. Soda iliangusha shaba kuwa haidroksidi, ile haidroksidi ikashikamana na unga mweusi, na sumaku ikavuta vyote pamoja. Sumaku ilipokea makofi ya soda. Kitu kimoja kilikosekana kwetu, kitu wanachotufundisha mwaka wa kwanza: kikombe cha kulinganisha. Siye, watu watatu wenye diplome, tulikisahau kwa sababu matokeo yalikuwa yanapendeza.

Baada ya ile siku nimeanza kusoma maandiko ya namna hii kwa jicho lingine. Mengi ninayokutana nayo yanafanana na kikombe chetu kuliko yanavyofanana na mto. Wanachukua maji yaliyosafishwa mu labo, wanaweka metali moja peke yake, wanachagua pH inayofaa, wanakoroga, wanapima. Namba inayotoka ni ya kweli. Lakini ni ya kweli kwa yale maji, na yale maji hakuna mtu anayeyanywa.

Hebu tuangalie maji yetu. Mito na vijito vinavyopita karibu na viwanda vya shaba na kobalti vinaweza kubeba shaba, kobalti, manganizi, zinki, kadimiumu, risasi na urani kwa pamoja, tena na kalsiamu na magneziamu nyingi ambazo si sumu lakini nazo zinagombania nafasi juu ya ngozi ya chembe. Na pale asidi ya kiwanda inapovuja, pH inashuka sana. Hapo ndipo kemia inatukatalia. Ngozi ya magnetiti inabadilisha chaji kufuatana na pH. pH ikiwa chini ya 7 hivi, inabeba chaji chanya. Arseniki ya aina ya arsenati inaelea mu maji na chaji hasi, basi vinaitana kama bibi na bwana. Lakini kobalti, shaba, kadimiumu na zinki vinaelea na chaji chanya. Mu maji ya asidi, ngozi inavisukuma. Kwa hiyo unga uleule unaoshika arseniki vizuri unaweza kuacha kobalti ipite mbele yake.

Utaniambia: tupandishe pH. Sawa, tupandishe. Utaipandisha na nini? Na chokaa. Lakini ukiweka chokaa ya kutosha, shaba inaanguka yenyewe, kama vile ilivyoangushwa na soda mu kikombe chetu. Kobalti ni mukaidi zaidi, inataka pH ya 9 hivi, lakini nayo inaanguka. Sasa nano inabaki na kazi gani?

Mufano tunao ng'ambo ya mpaka tu. Tarehe 18 Februari 2025, upande wa Zambia, ukuta wa bwawa la taka za shaba ulibomoka karibu na Chambishi. Maji ya asidi yaliingia mu kijito cha Mwambashi, kisha mu mto Kafue, na muji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Serikali ilimwaga nini mu mto? Chokaa. Kwa mashua, na kwa ndege za jeshi. Siku ambayo hatari ilikuwa ya kweli, watu walikimbilia kile wanachoweza kupata kwa matani.

Lakini mu maandiko mengi ya sumaku niliyosoma kuna jedwali la mwisho, pale mwandishi analinganisha unga wake na unga wa wengine: wa kwetu unashika miligramu kadhaa kwa gramu, wa wale wengine chini kidogo. Chokaa ndani ya lile jedwali haimo. Ni kama mtu anayeshindana mbio na ndugu zake peke yao, kisha anajitangaza bingwa wa muji.

Lazima niwe wa haki. Chokaa ina mwisho wake. Inashusha metali sana, lakini si kila mara inafika chini kabisa pale tunapotaka. Kwa sisi wa agronomia, FAO inashauri maji ya kumwagilia yasipite miligramu 0.05 ya kobalti kwa lita, na 0.2 ya shaba. Kufikia 0.05 kwa chokaa peke yake ni shida, na hapo unga wenye ngozi kubwa una nafasi ya kweli: kumalizia. Chokaa inafanya kazi nzito kwanza, inaacha maji yasiyo na asidi, kisha unga unaokota kile kidogo kilichobaki. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini ni kazi ya pili mu mstari, na sijaona video inayosema hivyo.

Sasa nije kwa mtu aliyenivunja kabisa, na hakuwa profesa.

Baada ya shindano tulikwenda kuonyesha kitu chetu kwa mama mmoja anayelima lengalenga na matembele pembeni ya kijito, upande wa chini ya viwanda. Nilimjua tangu TFC yangu, juu nilipimia vitalu vyake. Anamwagilia kwa ndoo, asubuhi na jioni, wakati wa kiangazi chote. Nilimweleza kila kitu kwa adabu: mama, hii unga inakamata sumu, hii sumaku inakamata unga. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Kisha akasema:

"Papa, ile buchafu yote yenye munatosha mu mayi, munaenda kuitupa wapi? Juu kama munaitupa hapa, mvula itairudisha mu shamba yangu."

Nilianza kumweleza kwamba unga unaoshwa kwa asidi, unatumika tena. Akaniuliza: "Na ile asidi?"

Nilinyamaza.

Usiku ule nilikaa na karatasi. Shamba lake ni kama mita mraba 100. Wakati wa kiangazi mboga za majani zinataka lita 5 hivi kwa mita mraba kila siku. Ni lita 500, ndoo 25 za lita 20. Tuseme kwamba maji yana miligramu 1 ya metali kwa lita, vyote pamoja; naweka namba hii ili tupate kuhesabu tu. Mu siku 150 za kiangazi, gramu 75 za metali zinapita mu vitalu vyake. Tukitumia nusu gramu ya unga kwa lita, ni gramu 250 za unga kila siku, za kumwaga, kukoroga, kungoja na kuvuta na sumaku, ndoo kwa ndoo. Na kama kila siku tunapoteza 1 tu kwa 100 ya ule unga, kwa kuwa sumaku haikufika chini ya ndoo ao mtoto amesukuma, ni gramu 2 na nusu zinazoingia udongoni, zikiwa zimebeba metali mgongoni. Mu kiangazi kizima ni gramu 375.

Halafu zile gramu 75 za metali ziko wapi? Ziko mu bido ya asidi, nyumbani kwa mama, karibu na watoto. Mwanzoni zilikuwa zimetawanyika mu lita 75,000 za maji. Siye tumezikusanya zote mu bido moja, na tumemwachia.

Hilo ndilo neno langu kubwa juu ya fasihi hii yote ya sumaku na maji. Inahesabu kile kinachotoka mu maji, na inafunga daftari pale pale. Metali haifi. Haiozi kama samadi, haivukizi kama petroli. Unaihamisha tu. Kwa hiyo kila andiko linalosema "tumeondoa" linatudai sentensi ya pili: tumeipeleka wapi, na nani anailinda pale ilipo. Sentensi ile mara nyingi haipo, ao iko mwishoni kabisa: unga unaweza kutumika tena mara tano. Baada ya ile ya tano?

Kuna kingine, na hapa naongea kama mtu wa mashamba. Tukisema "sumu" kila mtu anafikiri kikombe cha kunywa. Lakini mu 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mikojo ya watu 351 wa kusini mwa Katanga, na kobalti waliyokuta kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda ilikuwa kati ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kobalti. Watoto walikuwa na zaidi. Mu 2014 ikatoka kazi nyingine iliyotafuta njia: kobalti inaingia wapi? Kwa watu wazima chakula ndicho kilibeba mzigo mkubwa, mboga na nafaka mbele. Kwa watoto, vumbi lilikuwa na sehemu yake kubwa. Mtoto anacheza chini, anaweka mkono mu kinywa.

Someni tena hayo matokeo, halafu angalieni ile video. Sumaku ndani ya kikombe cha kunywa haigusi lengalenga iliyokwisha kuvuta kobalti kwa mizizi. Haigusi vumbi lililokaa juu ya majani. Haigusi barabara ya udongo mwekundu ambapo kamiyo za madini zinapita siku kutwa. Tunafunga dirisha dogo, mlango mkubwa uko wazi.

Kwa mlango ule, kitivo cha agronomia cha hapa kwetu kimefanya kazi miaka mingi bila video: chokaa na samadi mu udongo ili metali zisiyeyuke kirahisi na mizizi isizivute sana, majani yanayovumilia shaba yaliyopandwa Penga Penga, pale udongo ulipobaki uchi kwa moshi wa kiwanda cha zamani, ili vumbi lisiruke. Na kuna jambo mama yeyote anaweza kuambiwa bure: kwa udongo wenye mashaka, mboga za matunda kama nyanya na bilinganya kwa kawaida zinabeba metali kidogo kuliko mboga za majani. Hakuna tiba kamili hapo. Lakini ni kazi ambayo mkulima anaweza kuishika kwa mikono yake mwenyewe.

Nikitafuta mufano mzuri wa kushika, narudi tena Bangladesh. Abul Hussam, mkemia wa kule, alitengeneza na wenzake chujio kinachoitwa SONO: ndoo, mchanga, makaa, vipande vya tofali, na katikati chuma kilichotengenezwa mahususi. Mu 2007 kilipata zawadi ya Grainger kule Marekani. Kemia yake ni binamu ya ile ya Rice, arseniki inashikamana na kutu. Tofauti ni kwamba chuma kinakaa pahali pamoja na maji ndiyo yanatembea. Hakuna unga wa kukimbiza, hakuna sumaku. Waliotengeneza kile kitu walianza na swali la nani atakishika kila asubuhi. Ndipo wakatafuta kemia inayomfaa.

Sasa miye nasema nini? Tutupe sumaku? Hapana. Nasema tunaiweka pahali pabaya. Tunataka kuipeleka kwa mama, mwisho wa mto, yeye asiye na pH-meta, asiye na pahali pa kutupa asidi, na asiyechafua kitu. Pahali pake ni mdomo wa bomba la kiwanda. Pale kuna umeme, kuna wahandisi, kuna chokaa kwa matani, kuna asidi ambayo ni chombo cha kazi ya kila siku. Na pale metali iliyokusanywa inaacha kuwa taka: kiwanda kinajua kuyeyusha shaba na kobalti na kuviuza. Zile gramu 75 ambazo kwa mama ni sumu ndani ya bido, kwa kiwanda ni bidhaa iliyokuwa inapotea.

Tena sheria iko. Sheria ya Migodi ya Kongo, ile iliyorekebishwa mu 2018, inasema mwenye haki ya kuchimba analazimika kulipa na kurekebisha madhara ya kazi yake kwa watu na mazingira, hata kama hakuna kosa lililothibitishwa juu yake. Halafu siye vijana wasomi tunakuja na mradi mzuri, na bila kujua tunamwambia mama: kusafisha ni kazi yako, chukua sumaku. Ile siku juri waliposimama kupiga makofi, hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya nini mwathirika ndiye apewe vyombo vya kusafisha. Na siye hatukujiuliza. Mradi wa namna ile haumsumbui mtu yeyote mkubwa. Labda ndiyo maana unapendwa.

Kwa wadogo wangu wanaoandika TFC mwaka huu juu ya maji na metali, naomba muweke maswali manne ubaoni mbele ya kuanza. Maji yako umeyachota wapi, na pH yake ni ngapi? Kikombe chako cha kulinganisha kiko wapi, kile kisicho na unga, na kile chenye chokaa peke yake? Metali uliyoitoa inalala wapi usiku? Na nani atashika sumaku, kila siku, kwa malipo ya nani? Ukijibu yote manne na matokeo yako yakabaki asilimia 40, nitakusoma kwa furaha kuliko yule wa 99.

Nimalize na ukweli mmoja. Unga tulioutumia siku ile ya shindano, ule wenye shaba juu yake, tuliukusanya vizuri na sumaku yetu ya bafle na kuuweka mu chupa ya Fanta. Uko chini ya meza yangu mpaka leo. Sijui niutupe wapi: kwenye choo hapana, kwenye mtaro hapana, kwenye bustani ya mama yangu hapana. Kila nikifagia nauona. Ni gramu chache tu, na mimi mwenye lisansi nimekosa pahali pa kuzipeleka.

Yule mama bado analima. Juma lililopita aliniuzia lengalenga, akaniongezea fungu moja matabishi, akacheka: "Papa, na ile sumaku?" Nilicheka pia. Mboga tulikula nyumbani, tuliziosha mara tatu.

Kama nimekosea pahali, watu wa kemia munirekebishe hapa chini. Ila mulete namba pamoja na maji yake.